Anayemjua Mzee Asiachwe Benchini

Saa tano usiku bajaji inasimama mbele ya mapokezi ya hospitali. Ndani yumo bibi wa miaka 80, kanga kiunoni, anamwita dada yake aliyekwisha kufariki. Mjukuu anaelekezwa dirishani akalipie kadi, kisha asubiri nje. Bibi anabaki chini ya taa kali, kati ya watu asiowajua wanaomshika mikono. Anaogopa. Anaichomoa sindano ya dripu, damu inachuruzika kwenye shuka, na baada ya muda kidogo anahesabiwa kuwa mgonjwa mkorofi.

Wenye wazee majumbani wanaujua usiku wa namna hii.

Sasa, nani ajuaye kama bibi huyu alikuwa hivi jana? Daktari ndiyo kwanza anamwona. Picha ya eksirei haisemi. Ajuaye ni yule kijana aliyeketi benchini nje, na hakuna aliyemuuliza.

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Upo usahaulifu unaokuja polepole, mwaka hata mwaka, ambao waganga huuita demensia. Upo pia mchafuko wa akili unaoingia kwa saa au siku chache, nao huitwa deliriamu. Huu wa pili ni king'ora cha hatari: nyuma yake huenda ikawa nimonia isiyoonyesha homa, malaria, mkojo uliozuilika, au sukari iliyoshuka kwa mzee aliyemeza vidonge vya kisukari bila kula. Na mwenye demensia huupata kwa wepesi kuliko wengine, kwa hiyo ugonjwa mpya hujificha ndani ya ule wa zamani. Kipimo kimoja kinachotumika sana kuutambua, kilichotungwa na Dakta Sharon Inouye wa Marekani na wenzake mwaka 1990, huanza kwa kuuliza kama hali ya mgonjwa imebadilika ghafla. Jibu, mara nyingi, hutoka kwa ndugu. Ndugu akifungiwa nje, kipimo hicho kimekwama kabla hakijaanza.

Asiwepo wa kusema haya ni ya Wazungu. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta demensia kwa watu wapatao 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Wengi wa wagonjwa kama hao hawajapata kupimwa. Nyumbani husemwa ni uzee tu. Kwingine, na inauma kuliandika, husemwa ni uchawi. Hospitali ya Muhimbili ilifungua idara yake kamili ya tiba za dharura mwaka 2010, na hatua hiyo inastahili shukrani. Lakini vitanda na mashine haviwezi kumweleza daktari jinsi mzee alivyoamka jana.

Familia nazo zijitazame. Mara ngapi anayempeleka mzee hospitali ni mwanawe mwenye gari, aliyekuja mara ya mwisho sikukuu ya Idi au Krismasi, huku dada wa kazi anayemlisha na kumwogesha kila siku akiachwa alinde nyumba? Huyo dada ndiye apakiwe garini kwanza! Ndiye atakayesema: "Juzi alichambua mchele mwenyewe, leo hanitambui." Dawa zote zitiwe kwenye mfuko mmoja, za hospitali na za miti shamba, hata ile Piriton aliyonunuliwa dukani kwa ajili ya mafua, maana nayo yaweza kumvuruga mzee akili. Mtu asizifiche kwa haya. Miwani yake iende, na meno yake ya bandia, kwani asiyeona vizuri wala kutamka vizuri huonekana amechanganyikiwa zaidi ya alivyo.

Huko Uingereza, mwaka 2014, Dakta John Gerrard, mzee mwenye demensia, alilazwa kwa vidonda vya mguu. Aliingia akiweza kutembea na kula mwenyewe. Kwa majuma matano familia yake ilizuiwa kumtembelea ipasavyo. Alitoka amekonda, hawezi kusimama, na Novemba ya mwaka huohuo akafariki. Binti yake, mwandishi Nicci Gerrard, na rafiki yake Julia Jones wakaanzisha kampeni yenye jina la mzee huyo, wakidai mlezi aruhusiwe kukaa na mgonjwa wa demensia wakati wote. Hospitali nyingi za nchi hiyo zimekubali.

Kwetu kukesha na mgonjwa ni ada ya siku nyingi. Tatizo ni mlango ule wa dharura. Ni kweli chumba ni finyu na muuguzi mmoja anawakimbilia wagonjwa wengi. Hakuna anayeomba ukoo mzima uingie. Anaombwa mmoja, yule ambaye bibi anaijua sauti yake, apewe stuli pembeni ya kitanda na amshike mkono ule wenye dripu.