Hattie McDaniel Asibebeshwe Lawama Zisizo Zake

Katika mjadala wetu wa darasani kuhusu wahusika wadogo, mwenzetu mmoja alimwita Hattie McDaniel msaliti wa watu weusi. Darasa likapiga makofi. Mimi sikupiga, na sababu ninayo.

Tuhuma yenyewe ni hii. McDaniel aliigiza watumishi wa nyumbani katika filamu nyingi za Hollywood. Mwaka 1940 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar, kwa kuigiza Mammy, mjakazi katika Gone with the Wind. Filamu hiyo inaupamba utumwa, hilo sibishi. Naye alikuwa binti wa mtu aliyezaliwa utumwani. Basi, wanasema, angekataa.

Angekataa, halafu? Mammy hakuandikwa na McDaniel. Riwaya iliandikwa na mzungu, studio ilikuwa ya wazungu, na nafasi ile ingepewa mwingine. Tena waliomtumia hawakumheshimu. Filamu ilipozinduliwa Atlanta, Desemba 1939, hakuhudhuria kwa sababu ya sheria za ubaguzi. Usiku wa tuzo aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake. Je, huyu ndiye mdharau au mdharauliwa?

Isitoshe, msaliti hawapiganii watu wake. Majirani wazungu walipokwenda mahakamani ili weusi waondolewe katika mtaa wa Sugar Hill, Los Angeles, McDaniel alisimama na wenzake, na mwaka 1945 wakashinda. Alipofariki mwaka 1952, makaburi ya Hollywood aliyotaka kuzikwa yalimkataa kwa rangi yake.

Wapo watakaonikumbusha kwamba Walter White wa NAACP alizipinga dhima za aina ile. Ni kweli, na alikuwa na haki ya kudai dhima bora. Lakini kudai dhima bora ni jambo moja, kumlaani aliyepewa dhima mbovu ni jambo jingine.

Wahadhiri wetu wanatufundisha tusimchanganye mhusika na mwandishi. Mbona tunamchanganya na mwigizaji? Tukimlaani aliyevaa aproni, tunawaachia huru walioishona na kuuza tiketi. Wenzangu, tuihukumu filamu, tuihukumu na studio. Ila McDaniel, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.