Betri Haijifii, Inauawa

Kila betri ya gari ikifa hapa kambini, maneno ni yale yale: "Wakimbizi hawajui kutunza vitu." Leo nakataa, tena kwa hesabu.

Kazi ya kuchaji simu nilijifunza Bukirasazi, kule Gitega, kwa muzee mmoja mwenye kibanda. Nilipofika hapa Gasorwe, Muyinga, nikapewa paneli ya wati 50 na betri ya gari, volti 12. Nikashukuru. Lakini regileta haikuwemo, kile kisanduku kidogo kinachokaa kati ya paneli na betri. Nikauliza. Nikajibiwa, "Unganisha tu, itachaji."

Kweli, ilichaji. Shida ni kwamba haikujua kuacha. Betri ikishajaa, paneli inaendelea kusukuma umeme, maji ya ndani yanatoa mapovu na kupungua. Hewa inayotoka ni haidrojeni, nayo inalipuka kwa cheche. Na sisi tunapikia wapi? Hatua mbili kutoka hapo.

Betri yangu ilimaliza miezi saba. Pesa yake ndiyo ilikuwa daftari za watoto.

Sasa na sisi wenyewe, tusijisafishe. Betri ya gari imetengenezwa kuwasha injini: inatoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, halafu inajazwa palepale. Sisi tunainyonya usiku kucha, redio, taa, simu za jirani, mpaka inakauka. Mita ikisoma 12.2, betri imebaki karibu nusu. Acha hapo! Jua zuri la masaa tano kwenye paneli ya wati 50 halirudishi hata ampea-saa 20. Wakati wa mvua je? Mteja atanuna, eti unamnyima. Anune. Kesho atakuta kibanda bado kipo.

Kwa ninyi wa mashirika: paneli bila regileta ni baiskeli bila breki. Huwezi kumpa mtu hiyo, halafu akianguka uandike kwenye ripoti kwamba hajui kuendesha. Kabla ya kuleta paneli nyingine, leteni regileta kwa zile zilizopo, na mita moja kila mtaa. Na fundi wa kufundisha asitoke mbali, yuko hapa hapa kambini. Muulizeni.

Betri ya pili nimejinunulia, pamoja na regileta yake. Bado inawaka. Mkimbizi ni yule yule.