Pete Ivikwe Chanda Kipi?

Wahenga walisema kwamba chanda chema huvikwa pete. Hawakutuambia, hata hivyo, wema wa chanda hicho utapimwa na nani, wala kwa mizani gani. Ndiyo maana kila anapotangazwa mchezaji bora wa Ligi Kuu, mabishano huanza bandarini Mtwara, yakaingia katika maghala ya korosho, na hayaishi upesi.

Yasiyokwisha kabisa ni yale ya msimu wa 2021/22. Tuzo alipewa Yannick Bangala wa Yanga. Wako walioona kwamba ingemfaa zaidi mwenzake, Fiston Mayele, aliyefunga mabao 16. Sisi twasema kwamba aliyestahili ni George Mpole wa Geita Gold.

Hatusemi hivyo kwa kumdharau Bangala. La hasha! Alikuwa mtu wa kazi. Akiwekwa nyuma alilinda, akiwekwa katikati aliunganisha. Timu yake ilicheza michezo 30 pasipo kushindwa hata mmoja, ikatwaa ubingwa iliokuwa haijauonja tangu 2017. Asiyeiona kazi hiyo hajui mpira.

Lakini na tujiulize: thamani ya mtu katika kazi ya pamoja hupimwaje? Wavuvi wa Msimbati wanajua. Katika jahazi lenye mabaharia wengi, mmoja akiugua, safari huendelea. Bali mtumbwi wa watu wawili ukiwa katika mlango wa Ruvuma, maji ya mto yakipambana na ya bahari, mmoja akiliacha kasia wote wamo hatarini. Yanga ilikuwa jahazi: Bangala angekosekana, bado Diarra yupo langoni, Aucho na Feisal wapo katikati, na Mayele yupo mbele. Geita Gold ilikuwa mtumbwi. Huo ndio uliokuwa msimu wake wa kwanza katika Ligi Kuu. Mpole akafunga mabao 17, akawapita wafungaji wote, na timu ya mji wa wachimba dhahabu ikamaliza ya nne, ikapata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho Afrika.

Wapo watakaosema kwamba Mpole alikwisha kupata haki yake kwa kuwa mfungaji bora. Twawajibu kwamba mabao huhesabiwa, lakini thamani hupimwa. Zawadi ya mfungaji hutolewa na hesabu. Hakuna awezaye kumnyima mwenyewe. Tuzo ya mchezaji bora ndiyo inayotuonyesha macho ya wateuzi yanatazama wapi. Nayo yametazama Simba na Yanga: Chama mwaka 2020, Bocco 2021, Bangala 2022, Mayele 2023, Aziz Ki 2024. Wote ni mahodari. Lakini je, katika miaka hiyo mitano hakupatikana hodari hata mmoja nje ya klabu mbili?

Wenzetu wa Marekani, katika mchezo wao wa besiboli, walimpa Andre Dawson tuzo ya namna hii mwaka 1987, hali timu yake, Chicago Cubs, ilimaliza ya mwisho katika kundi lake. Walimtazama mtu na kazi yake, wasitazame ukubwa wa kombe.

Jambo hili latugusa sisi wa Mtwara. Ndanda yetu iliingia Ligi Kuu mwaka 2014, ikashuka mwaka 2020. Kijana anayefanya mazoezi leo katika uwanja wa Nangwanda Sijaona, akiona kwamba sifa haivuki mipaka ya Kariakoo, atajifunza kuwa jasho lina thamani likimwagikia Dar es Salaam tu. Fundisho hilo ni baya kwa mchezaji, na ni baya vilevile kwa mpakizi wa bandari na mkulima wa korosho.

Kwa hiyo twashauri mambo mawili. Kwanza, mizani ya tuzo itangazwe kabla ya mpira wa kwanza kupigwa, wala isibadilishwe njiani. Pili, makocha na manahodha wa klabu zote 16 wapige kura, kila mmoja akikatazwa kumchagua mtu wa klabu yake. Waliokabwa na kufungwa uwanjani ndio wamjuao aliyewatoa jasho.

Yakifanyika hayo, pete ikaangukia tena Yanga au Simba, tutakuwa wa kwanza kupiga makofi.