Asumini ya bibi

Leo tuachane kidogo na viatu na mitindo ya nywele, twende zetu uani.

Mwaka jana wajomba waliuza nyumba ya bibi kule Tanga. Wenzangu waliwahi kabati, kitanda, mpaka redio. Mimi nilikuta kuta tupu. Nikiwa natoka ndipo nikauona mti wa asumini pembeni ya kisima. Nikakata matawi manne, nikayafunga kwenye gazeti lililolowa maji, nikapanda basi la Dar. Washikaji waliponiona nashuka na majani, walicheka mbavu hawana!

Matawi mawili niliyaua mwenyewe. Nilikuwa nayamwagia maji asubuhi na jioni, kumbe kopo halina tundu chini. Yakaoza. La tatu likaliwa na mbuzi wa jirani. Likabaki moja, ndipo nikatia akili, nikamfuata mzee mmoja anayeuza miche barabarani. Somo lake ni hili:

Kata tawi la kama sentimita 15, lisiwe changa sana wala gumu kama ukuni. Ondoa majani ya chini, bakiza mawili juu. Changanya mchanga na mboji nusu kwa nusu, chomeka kwenye kopo lenye tundu, weka kivulini. Udongo uwe na unyevu, usitote. Baada ya wiki nne hadi sita litaanza kuchipua. Hapo lizoeshe jua pole pole, kisha lihamishie kwenye ndoo au ardhini, pamoja na samadi iliyooza vizuri. Asumini inataka jua la kutosha. Ukiificha nyuma ya ukuta itakupa majani tu. Halafu maua hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo yakishapukutika, shika mkasi, kata ncha. Usione huruma!

Maua yenyewe huchanua jioni, ndiyo maana watu wa Pwani huyachuma yakiwa bado vitumba. Ndiyo yanayotiwa kwenye kikuba, ndiyo yanayomwagwa kitandani kwa maharusi. Na si sisi tu tunaoyazimia: Ufilipino waliifanya asumini kuwa ua la taifa tangu 1934.

Sasa sikieni. Tangu nyumba iuzwe, mama na kaka zake walikuwa hawasemezani. Jumamosi iliyopita kaja kunitembelea, giza linaingia, akasimama mlangoni kimya. "Mbona hapa pananukia kama kwa mama?" Nikamwonyesha ndoo. Akakaa chini pale pale, hakutaka hata chai.

Asubuhi wakati wa kuondoka aliniomba nimkatie matawi mawili.

"La pili la nini, mama?"

"La mjomba wako mkubwa."

Haya, nyie wapangaji wenzangu msiseme hamna nafasi. Ndoo mbovu inatosha, ila itobolewe chini! Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.