Mipaka ya Majirani Zetu na Wake Wanaongoja



Akina mama wa darsa ya hapa Embu wametuletea suala ambalo kwa juu lina sura ya siasa, ilhali ndani yake ni suala la nyumba. Wameuliza: kwa nini majirani zetu wa kaskazini hawaishi kupigania ardhi, na ni ipi hukumu ya mke ambaye mumewe alipotea katika vita hivyo, haikuja maiti wala haikuja barua? Tumeona tuyajibu yote mawili pamoja, kwani la pili halifahamiki vyema bila ya la kwanza. Wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu watustahimilie tukianzia huku bara. Punde tutashuka hadi baharini.

Mji wa Embu umekaa chini ya Mlima Kenya, baina ya mashamba ya chai, kahawa na muguka, na mgeni akiutazama hadhani kuwa una uhusiano wowote na Uhabeshi au Usomali. Lakini hadi serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, Embu ndiyo iliyokuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, na mkoa huo ulianzia Machakos na Kitui, ukapanda Meru, Isiolo na Marsabit, hata ukafika Moyale penye mpaka wa Ethiopia. Mborana wa Moyale aliyekuwa na shauri kwa mkuu wa mkoa, shauri lake lilisomwa hapa, mbali mno na visima vyake. Mpango huo haukuzuka wenyewe. Zama za Waingereza, Isiolo, Marsabit na Moyale zilikuwa pamoja na Garissa, Wajir na Mandera katika ile Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo wazee bado huiita NFD. Mwaka 1962 tume ya Waingereza ilizunguka huko ikiwauliza wenyeji wanataka nini, na Wasomali pamoja na Waislamu wengine wengi wakasema wazi kuwa wanataka kujiunga na Somalia. Neno lao halikufuatwa. Eneo likagawanywa, sehemu moja ikawa Mkoa wa Kaskazini Mashariki na nyingine ikaunganishwa na huku kwetu.

Yaliyofuata twayajua kwa jina la vita vya shifta. Hata kabla ya uhuru, mwezi wa Juni 1963, Dabaso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa pamoja na chifu mkuu wa Waborana, Haji Galma Dido. Barabara ya Wabera pale Nairobi imeitwa kwa jina lake, na wapitao kila siku hawaulizi alikuwa nani. Watu walikusanywa katika vijiji vinavyolindwa na askari, mifugo ikaangamia, na nyumba zilizokuwa na ngamia wa kutosha zikajikuta zinangoja chakula cha serikali. Makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyosimamiwa na Rais Kaunda wa Zambia, yalituliza mapigano. Sheria za hali ya hatari, hata hivyo, zilibaki kaskazini hadi mwaka 1991.

Hapo Somalia haikuwa bado ya kikomunisti. Oktoba 1969 Rais Abdirashid Ali Sharmarke aliuawa, na baada ya siku chache jeshi chini ya Mohamed Siad Barre likatwaa madaraka. Mwaka uliofuata Barre akatangaza kuwa nchi itaendeshwa kwa ujamaa wa kisayansi. Haki yao tusiwanyime: Kisomali kilipata maandishi rasmi mwaka 1972, na vijana wa shule walipelekwa mashambani kuwafundisha wazee kusoma. Walakini dola hiyo ilipojiona ina nguvu, iliingiza mkono katika nyumba za watu. Januari 1975 ilitangaza sheria mpya ya aila iliyosawazisha urithi wa mwanamume na mwanamke kinyume cha Qur'ani. Masheikh wa Mogadishu wakaikosoa misikitini, na tarehe 23 mwezi huo huo, 10 kati yao wakapigwa risasi. Hawakubeba silaha, walibeba hoja tu. Wako wanaodai hadi leo kuwa sheria hiyo ilikusudiwa kumnusuru mwanamke. Sisi twauliza, wajane wa masheikh 10 na mayatima wao walinusuriwa na nani?

Jirani wa pili ni Ethiopia, nchi ya Najashi aliyewapa hifadhi Maswahaba. Septemba 1974 wanajeshi wa Derg walimwondoa Mfalme Haile Selassie, na mwaka uliofuata wakataifisha ardhi yote ya mashamba. Waislamu wa huko walipata jambo ambalo wafalme hawakuwapa, nalo ni sikukuu zao kutambuliwa rasmi na dola. Mengistu Haile Mariam alipojiimarisha mwaka 1977, damu ikamwagika mijini kiasi ambacho Addis Ababa haijasahau.

Na wa tatu yuko ng'ambo ya bahari, Yemeni ya Kusini, dola pekee ya Kiarabu iliyoufuata ukomunisti waziwazi. Hapa ndipo pwani yetu inapoingia, kwa kuwa Hadhramaut iko humo, na aila nyingi za Mombasa, Lamu na Zanzibar zina babu aliyetoka Shihr, Seiyun au Tarim. Mwaka 1972 mufti wa Tarim, Habib Muhammad bin Salim, alichukuliwa na watu wa serikali siku ya Ijumaa akiwa ametoka na mwanawe mdogo kwenda msikitini. Hakuonekana tena. Mtoto huyo ndiye Habib Umar, ambaye wengi wa wasomaji wetu wamesikiliza mawaidha yake.

Basi mwezi wa Machi 1977, katika mji wa Aden, Fidel Castro wa Kuba aliwakutanisha Barre na Mengistu. Wazo lake lilikuwa kwamba, maadamu nyote ni wajamaa, na mpaka ni urithi wa mabepari na wafalme, fanyeni shirikisho na Ogaden ikose kuwa ugomvi. Kwa karatasi lilikuwa wazo zuri. Lakini bendera ya Somalia ilikuwa na nyota ya pembe tano, na kila pembe ni ardhi ya Wasomali: iliyokuwa ya Waingereza, iliyokuwa ya Wataliani, Jibuti, Ogaden, na NFD yetu. Kiongozi aliyewalea watu wake chini ya nyota ile hangeweza kurudi Mogadishu na kuwaambia kuwa pembe mbili zimefutwa. Julai 1977 majeshi ya Somalia yaliingia Ogaden, na Septemba yakautwaa mji wa Jijiga.

Tazama sasa ukomunisti ulivyofanya. Muungano wa Kisovieti, uliokuwa umelipa silaha jeshi la Somalia, uligeuka ukawa upande wa Ethiopia. Novemba Barre akawafukuza Warusi, naye akatafuta msaada Marekani. Silaha kwa maelfu ya tani na wanajeshi wa Kuba zikashushwa Ethiopia, na Machi 1978 Jijiga ikarudi mikononi mwa Waethiopia. Kenya yenyewe, iliyojisifu kuwa ya kibepari, ilisimama na Ethiopia ya kikomunisti, kwa sababu ya ile pembe ya tano. Katika vita vile hatuoni imani ya Marx wala ya Adam Smith. Twaona ardhi, na maji, na malisho.

Watu wa Ogaden walimiminika Somalia kama wakimbizi kwa mamia ya maelfu. Hapo ndipo hesabu ya wanaume waliopotea ilipoanza kuwa kubwa. Ikaongezeka mwaka 1988 Barre alipoushambulia kwa mabomu mji wa Hargeisa, mji wa raia wake mwenyewe.

Mwaka 1991 kila kitu kiliporomoka kwa pamoja. Barre alikimbia Mogadishu Januari, Mengistu akakimbilia Zimbabwe Mei, na mwezi huo huo kaskazini mwa Somalia wakatangaza Somaliland. Eritrea ilipiga kura ya uhuru Aprili 1993, karibu wote wakakubali. Yemeni ya Kusini ilikuwa imeungana na ya Kaskazini tangu Mei 1990, na miaka minne baadaye wakapigana. Ulaya nayo katika miaka hiyo iliona Yugoslavia ikipasuka, na ndugu zetu wa Bosnia wakachinjwa Srebrenica mnamo Julai 1995. Chama kimoja kilikuwa kimeyafunika makovu ya mipaka. Kilipoondoka hakuna aliyekuwa na dawa.

Mfano wa Badme ndio unaotusikitisha zaidi. Wapiganaji wa Eritrea na wa Tigray walimpiga Mengistu bega kwa bega, na wote walilelewa katika fikra za Marx. Mwaka 1998 wakapigana wao kwa wao kwa ajili ya kijiji hicho, na kufikia mwaka 2000 walikuwa wamekufa makumi ya maelfu. Ethiopia iliwafukuza makumi ya maelfu ya watu wenye asili ya Eritrea, na Eritrea ikawarudisha Waethiopia. Mume akapandishwa basi kwenda kaskazini, mke akabaki Addis na watoto. Tume ya mpaka iliamua Aprili 2002 kuwa Badme ni ya Eritrea, Ethiopia haikuondoka. Simu baina ya nchi mbili zilikuwa zimekatwa, na zilipofunguliwa Julai 2018, baada ya miaka ipatayo 20, watu walipiga namba wasizozijua madhali tu wasikie sauti ya ng'ambo. Mipaka ikafunguliwa Septemba, wakakumbatiana barabarani, kisha baada ya miezi michache ikafungwa tena.

Hapo ndipo lilipo suala la akina mama. Mume aliyepotea, ambaye haijulikani yu hai au amekufa, wanazuoni humwita mafqud. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, kauli yake ya mwisho ni kwamba mke hubaki katika ndoa mpaka kifo au talaka ithibitike. Kauli yake ya kwanza, inayoafikiana na hukumu iliyopokewa kwa Sayyidna Umar na iliyo maarufu kwa Wamaliki, ni kuwa mke angoje miaka 4, kisha akae eda ya mfiwa, miezi 4 na siku 10, ndipo aolewe. Kwa Wamaliki miaka hiyo huhesabiwa tangu mke anapopeleka shauri lake kwa kadhi na mume akatafutwa, si tangu siku aliyoondoka. Mambo haya wengi huyachanganya. Tumewaona wanawake walioketi miaka 15 hawakwenda kwa kadhi hata mara moja, wakidhani kusubiri ndiyo ibada yenyewe, na tumesikia wengine walioolewa kwa neno la mjomba tu. Yote mawili ni dhuluma, ya kwanza juu ya nafsi yake, ya pili juu ya nasaba ya watoto watakaozaliwa.

Sisi twaona, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye, kwamba mke wa aliyepotea vitani asifungwe na kauli iliyo ngumu zaidi ilhali ipo nyingine yenye asili katika dini. Vita si safari ya biashara. Fauka ya hayo, mke asiye na nafaka ana haki ya kupeleka dai la kuvunjiwa ndoa kwa sababu hiyo peke yake, na kadhi atalitazama. Mali ya mume ni mlango mwingine: hairithiwi mpaka kifo kihukumiwe, hata kama mke amekwisha kuolewa. Sheria ya ushahidi ya Kenya nayo huchukulia kuwa amekufa mtu ambaye hakusikika kwa miaka 7 kwa wale ambao ilistahili wamsikie, mpaka ithibitike vinginevyo.

Kuna pingamizi moja ambalo haliko vitabuni. Ili kadhi asikilize, mke hutakiwa kuonyesha kuwa ndoa ilikuwepo, na aila zilizovuka Moyale au Liboi usiku hazikubeba cheti. Wasomali wa Kenya wenyewe wameonja taabu ya karatasi: mwaka 1989 waliandikishwa na kuchujwa kwa kadi za pekee kana kwamba ni wageni, na mchujo wa ziada wa vitambulisho uliendelea miaka mingi, hadi Rais Ruto alipotangaza mjini Wajir, Februari 2025, kuwa unaondolewa. Kwa hiyo mke asiye na cheti atafute mashahidi wa nikahi wangali hai, au waliohudhuria walima, na maneno yao yaandikwe sasa pamoja na majina na tarehe. Walii akiwa hai naye aandike. Shahidi mwenye miaka 80 aliye kambini Dadaab hatangoja mahakama ipate nafasi.

Wenye jambo la namna hii walete maswali yao kwa maandishi kupitia imamu wa msikiti ulio karibu nao, bila kutaja majina ikiwa wanaona haya. Juma lijalo, Inshaallah, tutaeleza inakuwaje mume akirudi ilhali mke amekwisha kuolewa, kwani hilo nalo limeulizwa mara mbili.

Wassalaam.