Bia Mbili, Msokoto Mmoja

Mwezi uliopita tulikuwa Karema, Katavi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Jioni, migebuka ikiwa jikoni, jamaa mmoja wa kundi letu alipiga bia mbili, kisha akavuta bangi "achangamke kidogo." (Achilia mbali kwamba ni kosa kisheria.) Nusu saa haikuisha, kijana kalegea, jasho linamtoka, anatapika mchangani. Na ndiye aliyetuahidi kuogelea mpaka kwenye mitumbwi!

Jamani, pombe ikitangulia, THC, ile kemikali ya bangi inayolewesha, huweza kupanda kwenye damu kuliko ukivuta bila kunywa. Pombe inakuyumbisha, bangi inapoteza umakini na kuupeleka moyo mbio. Zikikutana, hata kujua umelewa kiasi gani huwezi. Ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470 hivi. Angeingia?

Wengine mnauamini mseto huo kwa mambo ya chumbani. Thubutu! Pombe ikizidi, mwanaume mwenyewe anashindwa kusimamisha.

Usiku ule tulimlaza ubavu asije akapaliwa na matapishi. Mchumba wake, aliyekuja kula raha, alikesha akimsikiliza anavyopumua.