Kabla Hujanunua Kitabu cha Kujisomea Hisabati na Fizikia

Ndugu mwanafunzi, kabla hujaanza kujibu maswali ya kitabu hiki, naomba nikuambie jambo ambalo pengine mwenye duka asingependa ulisikie. Kitabu ulichokishika ni cha marudio. Kimeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kujifunza mada na sasa anataka kujipima. Kama mada hukufundishwa, au ulifundishwa lakini hukuelewa, kitabu hiki peke yake hakitakutosha. Unahitaji kwanza kitabu cha kujifunzia. Maoni yangu ni kwamba wengi wetu tunakichagua kitabu hicho vibaya, na sisi walimu tumo.

Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea. Ninaishi Kamanga, ng'ambo ya ghuba ukitoka Mwanza mjini kwa kivuko. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja ya upande huu wa ziwa, tulikaa karibu muhula mzima bila mwalimu wa fizikia. Binti mmoja wa kidato cha tatu akanifuata. "Shikamoo mwalimu. Naomba uniandikie jina la kitabu kizuri cha fizikia, nikajisomee." Bila kufikiri sana nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi jina la kitabu nilichokipenda mimi nilipokuwa kidato cha tano. Mama yake, ambaye huanika na kuuza dagaa, akampa fedha. Jumamosi akavuka kwenda mjini, akakinunua.

Baada ya mwezi mmoja nilimuuliza amefika wapi. Alikuwa ukurasa wa 9. Juu ya kila mstari alikuwa ameandika kwa penseli maana za maneno aliyoyatafuta kwenye kamusi. Akaniambia, "Mwalimu, naona fizikia siyo ya watu kama mimi. Nafikiri niiache."

Kitabu kile hakikuwa kibaya. Kilikuwa kizuri kwa mtu mwingine. Kosa langu nilidhani kitabu kizuri ni kizuri kwa kila mtu. Hasara haikuwa fedha ya dagaa peke yake. Ilibaki kidogo tu binti huyo aache somo kwa sababu ya kosa ambalo halikuwa lake.

Wapo watakaosema kwamba kitabu kigumu hukomaza akili. Ni kweli, ukiwa na mwalimu pembeni. Anayejisomea hana wa kumuuliza saa tatu usiku. Akikwama mahali pamoja anarudia, akikwama mara tano anafunga kitabu, akikwama mwezi mzima anaamini kwamba hana akili. Michael Faraday, mmoja wa wanasayansi wakubwa wa umeme, alikuwa kijana maskini aliyejifunza kazi ya kujalidi vitabu jijini London. Miongoni mwa vitabu vilivyomfungulia mlango wa sayansi ni kile cha kemia cha Jane Marcet, kilichotoka mwaka 1806. Kimeandikwa kama mazungumzo kati ya mwalimu na wanafunzi wawili, kwa lugha ya kawaida. Urahisi wa kitabu hicho haukumzuia Faraday kufika mbali.

Basi utakijuaje kitabu kinachokufaa? Ukiwa dukani, au kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba, usiharakishe kulipa. Omba dakika kumi ufanye majaribio haya.

Kwanza, fungua mada unayoijua vizuri. Wengi hufanya kinyume: hufungua mada wasiyoijua, wakaona maneno mazito, wakadhani kitabu kina elimu nyingi. Soma kurasa mbili za kitu unachokijua tayari. Kama mwandishi anakupoteza hata hapo, atakupoteza zaidi kwenye usilolijua. Kirudishe.

Pili, tazama mifano iliyofanywa, uhesabu hatua zilizorukwa. Chukua mlinganyo x² − 5x + 6 = 0. Kitabu kimoja kitakuandikia tu kwamba x ni 2 au 3. Kingine kitakuambia utafute namba mbili ambazo ukizizidisha unapata 6 na ukizijumlisha unapata −5. Namba hizo ni −2 na −3, kwa hiyo (x − 2)(x − 3) = 0. Kisha kitakueleza kwamba namba mbili zikizidishwa zikatoa sifuri, lazima mojawapo iwe sifuri. Ndiyo maana x ni 2 au 3. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayomfundisha mtu, na ndiyo vitabu vingi huiacha.

Tatu, angalia nyuma kama kuna majibu ya mazoezi. Kwa mwenye mwalimu, majibu si lazima. Kwa anayejisomea ni lazima, kwa sababu asipoyapata anaweza kurudia kosa lilelile maswali ishirini na kulizoea. Lakini kitabu cha majibu matupu bila mifano nacho ni mtego. Kitakufundisha kukariri.

Nne, pima lugha. Tusifichane: tumesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sekondari tunakutana na hisabati na fizikia kwa Kiingereza. Mara nyingi kinachotushinda ni sentensi, wala siyo hesabu. Hata maneno mepesi yanadanganya. Mwanafunzi anayejua kwamba "moment" ni muda mfupi anashangaa anapoambiwa aipate kwa kuzidisha kani na umbali. Neno "power" kwenye hisabati ni kipeo, na kwenye fizikia ni kiasi cha kazi inayofanyika kwa kila sekunde. Kitabu kinachofaa hueleza neno pale linapotokea kwa mara ya kwanza, tena kwa sentensi fupi. Soma ukurasa mmoja na uhesabu maneno usiyoyajua ambayo mwandishi hakuyaeleza. Yakizidi kumi, kitabu hicho kisubiri.

Tano, uliza kama kinaeleza kwa nini. Tunaoishi kando ya ziwa tunaona kila siku kivuko cha chuma kikielea huku kimebeba magari, wakati msumari ukiutupa majini unazama. Mita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa kilo 7,800 hivi, na ya maji kilo 1,000. Kitabu kinachokupa kanuni ya densiti tu hakijakujibu. Kinachofundisha kitakuonyesha kwamba unaangalia chombo kizima, chuma pamoja na hewa iliyo ndani yake, na kwamba chombo kitaelea ilimradi maji kinayoyasukuma kando yana uzito sawa na wake.

Mwisho, linganisha na muhtasari wa somo. Mtaala umeboreshwa na umeanza kuingia madarasani kwa awamu tangu 2024, kwa hiyo tazama kitabu ni cha mwaka gani na kina ithibati. Vitabu vya zamani, kama kile cha fizikia cha Abbott kilicholea walimu wetu wengi, bado vinaeleza vizuri sana, lakini visiwe dira yako ya mtihani. Na kama fedha haipo, Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vyake vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni. Simu moja ya mzazi inaweza kusaidia wanafunzi watano.

Nina neno moja kwa wanaoona aibu. Kama uko kidato cha tatu na sehemu zinakushinda, kitabu chako cha kuanzia ni cha kidato cha kwanza, pengine hata cha darasa la saba. Hakuna atakayekuuliza mwezi Novemba kwenye chumba cha mtihani ulianzia wapi. Hisabati ni kama nyavu: tundu moja ukiliacha bila kulishona, samaki wote watapitia hapo.

Wala kujisomea si kukaa peke yako. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba mkoani Tanga, aliona mchanganyiko wa maziwa ya moto ukiganda kuwa aiskrimu kabla ya uliopoa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Hakuacha kuuliza. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye akaenda kujaribu. Mwaka 1969 wakaandika pamoja, na wanafizikia wanalijadili jambo hilo hadi leo. Kitabu hakikuwa na jibu, lakini swali lilikuwa zuri. Kwa hiyo weka daftari la maswali, na ukikutana na mwalimu yeyote, awe wa shule yako au la, muulize.

Yule binti nilimwomba radhi. Tukatafuta kitabu cha kidato cha kwanza na cha pili, vyote vimechakaa, kimoja hakina jalada. Akaanza upya kwenye vipimo, akawa ananiletea maswali kila Ijumaa. Mengine nilishindwa, tukayatafuta pamoja. Kidato cha nne alipata C ya fizikia. Kile kitabu kinene alikitunza, akaja kukifungua tena kidato cha tano. Safari hiyo, aliniambia, kilikuwa kinasomeka.

Nenda ukajipime kwa maswali yanayofuata. Ukikosa zaidi ya nusu ya mada moja, kifunge hiki kwanza, tafuta kitabu cha kujifunzia, kisha urudi. Tutakuwa tunakusubiri.